Maneno Sita Niliyokataa Kuyatamka

Baba yangu alinunua pesa isiyoshikika akiwa amepita miaka sabini, mtu ambaye maisha yake yote hakukubali kununua hata soda ya kopo kwa sababu haoni kilichomo ndani. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka mpaka nikajidunga sindano, maana nilikuwa kwenye cherehani nikishona kola ya sare ya shule alipoingia, akavua viatu, akasema, "Binti, mimi nimeuza ile kiwanja ya Wanyange. Ndugu yako ataninunulia bitikoini."

Tulikuwa tunakaa Walukuba, mjini Jinja, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda wakati viwanda vilipokuwa viwanda. Chumba cha mbele nilikuwa nimekigeuza karakana yangu ya ushonaji, cha nyuma kilikuwa chake. Sisi ni Wanubi. Babu wa babu yake aliletwa huku kutoka Sudani akiwa na bunduki ya Mwingereza begani, na tangu hapo ukoo wetu umekuwa ukitoa askari kama koo nyingine zinavyotoa walimu. Baba naye alikuwa askari, katika jeshi la miaka ile ambayo watu wa hapa Jinja wakiitaja hushusha sauti. Hakupigana sana, au hivyo ndivyo alivyotuambia. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la silaha kambini.

Benki hakuipenda, na alikuwa na sababu. Serikali yao ilipoanguka walikimbia kaskazini kwa miguu, yeye na mama, wakaacha akiba ya mishahara yake benki. Aliporudi miaka baadaye, karani alimtazama usoni, akalitazama jina lake, akamwambia akaunti kama hiyo haipo. Akaanza upya. Mama akawa anaficha noti kwenye kopo la maziwa ya unga, mpaka asubuhi moja redio ikatangaza kwamba noti zinabadilishwa, sifuri mbili zinakatwa, na serikali inabaki na sehemu yake. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka mama akimimina lile kopo juu ya mkeka na kukaa mbele ya noti zile bila kuzigusa, mpaka maharage yakaungua jikoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na baba aliumwa mara mbili mahali pamoja. Hata juzi juzi, walipoanza kukata kodi ukitoa pesa zako mwenyewe kwenye simu, aliirushia redio kiatu.

Mdogo wangu wa kiume, mtoto mwingine wa pekee wa baba, alikuwa akiuza matairi Mbale, kando ya barabara wanayopitia madereva wa malori kutoka Kenya. Kwao alijifunza habari za sarafu za mtandao. Benki kuu ilikuwa imezikataza kampuni za pesa za simu kubadilisha sarafu hizo, kwa hiyo watu wakawa wanauziana mkono kwa mkono: wewe unanirushia sarafu, mimi nakupa noti, kila mtu anashika njia yake. Mdogo wangu alikuja Jinja mwisho wa Ramadhani akamweleza baba habari hizo tukiwa tumekaa kwenye futari. Baba aliuliza maswali yake kama anayemhoji mwizi.

"Serikali inaweza kukata sifuri?"

"Hapana, baba. Haiwezi."

"Karani anaweza kusema haipo?"

"Hakuna karani."

Baba akatafuna tende yake mpaka ikaisha. "Basi nani analinda?"

"Maneno," mdogo wangu akasema. "Kumi na mawili. Ukiwa na hayo maneno, pesa ni yako, hata simu ikiibiwa, hata ukiwa mwezini. Ukiyapoteza, basi, imekwisha, hata rais hawezi kukusaidia."

Nilimwona baba akibadilika uso. Sijui niueleze vipi uso ule. Alikuwa kama mtu aliyesikia lugha yake ikisemwa ugenini.

Ghala la silaha, kama alivyotueleza mara mia utotoni, halifunguliwi na mtu mmoja. Mlango una kufuli mbili. Huyu ana ufunguo wa hii, yule ana ufunguo wa ile, na mkuu wa ghala mwenyewe hana hata mmoja. Yeye hutoa amri tu. "Mtu moja hapana fungua ghala," alikuwa akisema. "Mtu moja anaweza kulewa. Anaweza kupenda mwanamke. Anaweza kupigwa mpaka aseme." Sasa, badala ya kuandika maneno yale kwenye karatasi na kuyafungia sandukuni kama wazee wenzake wangefanya, alitufanya mimi na mdogo wangu kuwa kufuli zake.

Siku maneno yalipotokea kwenye simu, mdogo wangu alitolewa nje uani. Baba akafunika nusu ya chini ya kioo kwa kipande cha kaki alichokiokota chini ya meza yangu, akanipa simu, akageuka akaangalia ukuta. Yalikuwa maneno sita ya Kiingereza, ya kawaida kabisa, ya kitabu cha darasa la tatu. Niliyakariri kwa sauti ya chini kama nilivyokariri sura za mwanzo madrasa, nikarudia, nikarudia tena, mpaka yakakaa. Kisha nikatoka mimi, akaingia mdogo wangu, akakariri sita yake. Baba mwenyewe hakuyasikia hata moja. Tulipomaliza aliamuru ile programu ifutwe kwenye simu mbele ya macho yetu sote, kwa sababu kwenye vizuizi vya barabarani askari huchukua simu, na kichwa hakichukuliwi. Halafu akaleta msahafu.

Tukaapa. Kwamba hatutaandika. Kwamba hatutaambiana mpaka yeye aamuru, au mpaka arobaini yake ipite, na tukikutana uso kwa uso.

"Na kwa simu?" nikauliza, kwa kejeli kidogo.

"Simu ndiyo kabisa hapana. Simu iko na masikio."

Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala, alinisimamia mlangoni akiwa bado na kanzu na kuniuliza, "Yamekaa?" Nami nilitakiwa kujibu, "Yamekaa," wala si neno zaidi. Kisha alimpigia simu mdogo wangu Mbale, akamuuliza vivyo hivyo. Ilikuwa inaniudhi. Nina mteja mbele yangu na futi shingoni, na mzee anauliza yamekaa. Hadi leo kila Ijumaa ninasikia swali lile mlangoni. Namjibu. Wasichana ninaowafundisha kushona wameshazoea. Wanadhani ni uradi.

Wiki ya uchaguzi baba alikuwa Mbale. Alikwenda kumwona mjukuu mpya, akasema atarudi kabla ya kura, hakurudi. Siku mbili kabla ya watu kupiga kura mtandao ulizimwa nchi nzima. Simu za kawaida ziliita, lakini mengine yote yalikufa. Benki zilikuwa zimefunga, maduka yamefunga nusu mlango, na mawakala wa pesa za simu wengine walijificha, wengine walisema wazi hawana noti. Mimi pesa zangu zote zilikuwa zimelala kwenye majora ya vitambaa, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Kununua unga nilikopa.

Alasiri ya siku ya kura mdogo wangu alipiga simu.

"Dada, mzee iko vibaya."

Baba alikuwa na ngiri. Alikuwa nayo miaka mingi, akiibana kwa mkanda wa zamani wa jeshi ndani ya kanzu, na ukimwambia habari ya daktari anakuuliza kama umeshawahi kuona askari akilia tumbo. Sasa utumbo ulikuwa umejinyonga. Daktari wa hospitali moja ya watu binafsi alisema apasuliwe kabla ya asubuhi, na hospitali ikataka nusu ya gharama kwanza, taslimu. Mdogo wangu alikuwa amezunguka mji mzima na kupata kidogo sana.

"Lakini sikiliza," akasema. "Kuna dereva Mkenya hapa, rafiki yangu, lori lake limekwama kwa ajili ya uchaguzi. Yeye ananunua sarafu kila mwezi. Tunapanda boda mpaka Lwakhakha. Pale mpakani simu zinashika mtandao wa Kenya. Mimi naifungua, namrushia, yeye anavuka kwa miguu kwa wakala wa upande wao, analeta pesa. Saa tatu, dada, nne ikizidi. Nipe yale maneno yako sita."



Wacha niseme ukweli wa moyo wangu saa ile, maana wengine wote niliowasimulia niliwadanganya. Niliwaambia nilifikiria kiapo. Kiapo nilikifikiria, ndiyo. Lakini kabla ya kiapo nilifikiria bangili za mama. Mama alipofariki, mdogo wangu alichukua bangili zake za dhahabu akaziweka rehani ili aagize matairi, bila kuniambia. Alizirudisha baada ya miaka miwili, zote, akaziweka mezani kwangu na keki ya kuomba msamaha. Nilikula keki. Kusamehe sikusamehe. Nilijiambia kikulacho ki nguoni mwako, na sasa mtu yule yule anataka ufunguo wangu, kwa simu, siku ambayo hakuna wa kuhakikisha chochote.

"Nipe baba niongee naye," nikasema.

"Hawezi kuongea. Anatapika."

"Basi nakuja mwenyewe. Tutasema uso kwa uso, kama tulivyoapa."

"Utakuja na nini? Leo hakuna gari!"

Kweli hakuna gari. Nilifika stendi, palikuwa na mbuzi wawili na askari. Magharibi alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alisema daktari ameuliza mara mbili. Nikamwambia alfajiri nitapanda chochote. Akasema, "Dada, hii pesa ni ya baba. Ni ya baba mwenyewe." Nikajibu, na ninaliona neno hili kila ninapofumba macho, nikajibu, "Ndiyo maana."

Alipiga mara ya tatu baada ya isha. Simu hii sijawahi kumsimulia mtu, wala mume wangu aliyeniacha, wala shehe. Mdogo wangu hakuomba tena maneno yangu. Alisema, "Sawa. Huniamini, sawa. Basi chukua yangu wewe. Andika. Wewe Jinja, tafuta boda ikupeleke Busia usiku huu, pale pia mtandao wa Kenya unashika, fungua mwenyewe, uza mwenyewe, dereva atakupa namba ya mtu wake. Mimi sitagusa hata senti. Andika, dada, la kwanza ni..."

Nikakata simu.

Nilijiambia namwokoa asivunje kiapo. Ndivyo nilivyojiambia, nimesimama katikati ya majora yangu, simu imebanwa kifuani kama inayotaka kuruka. Alikuwa ananipa kila kitu. Mtu niliyemdhania mwizi alikuwa ananikabidhi ghala zima, na mimi nikafunga mlango. Nikaizima simu kabisa. Nikaswali. Sikumbuki niliswali nini.

Alfajiri nilipata lori la mchele tupu linalorudi upande wa Tirinyi, njia ya Mbale. Dereva alinitoza bei ya ndege. Kwenye daraja la kinamasi tukasimamishwa. Askari wakatushusha sote, wakachukua simu moja moja, wakifungua picha na ujumbe. Kijana mmoja wao aliifungua yangu, akaona mishono ya sketi na bei za zipu.

"Mama, hii Kiswahili yako ni ya wapi?"

"Ya nyumbani."

"Wewe ni mtoto ya barracks," akasema, akacheka, akanirudishia simu kwa mikono miwili. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa baba kwenye picha iliyoko ukutani kwangu. Na Mungu anisamehe, saa ile nilijisikia fahari. Nilijiambia: hawana habari nimebeba nini. Wamepekua kila kitu na hawajapata kitu. Mzee alikuwa na akili. Lori likaondoka, mimi nikiyarudia maneno yangu sita kimoyomoyo, kwa mpangilio, yasije yakaniponyoka njiani.

Nilifika Mbale adhana ya adhuhuri ikiita. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali na mwanaume mrefu mwenye fulana ya timu ya mpira, yule dereva Mkenya. Sikuhitaji kuambiwa. Baba alikuwa ameaga dunia saa nne asubuhi.

Yule dereva ndiye aliyenieleza, kwa sababu mdogo wangu hakuweza. Usiku, walipoona hakuna maneno, yeye alitoa pesa zake zote za safari, za mafuta na za kula, akawakabidhi. Hakuomba sarafu, hakuomba karatasi. "Mama, mzee ni mzee," akaniambia. "Ningeacha aje?" Lakini hata hizo hazikutosha, ikabidi mdogo wangu amwamshe mwenye duka jirani na kumwachia matairi yote. Walipofikisha kiasi ilikuwa karibu na alfajiri. Baba akapasuliwa. Sehemu kubwa ya utumbo ilikuwa imeshakufa.

Tulimzika hapo hapo Mbale alasiri ile ile, mlima ulio juu ya mji ukiwa umejifunika mawingu. Sikuliona kaburi likifukiwa kwani wanawake tulibaki nyumbani, na nadhani ni kwa sababu hiyo bado namsubiri arudi kutoka safari. Mtandao ulirudi siku chache baadaye. Watu walishangilia barabarani. Simu yangu ikaanza kulia mfululizo kwa jumbe za siku zote zile, wateja wakiuliza sare.

Tangu hapo nimewasikia watu wengi wakibishana kuhusu sarafu hizi, vijana hasa, na wakijua habari yangu kidogo huniuliza: mama, kweli zinaweza kumtoa mtu mikononi mwa serikali? Ninawajibu kweli. Serikali haikuigusa pesa ya baba. Haikuikata sifuri, haikuitoza kodi, haikujua hata kama ipo. Walizima mtandao, sawa, lakini mtandao ulikuwa boda moja tu kutoka kwetu, upande wa pili wa mto mwembamba wa mpakani. Hawakutuzuia wao. Hofu ambayo serikali moja baada ya nyingine ilimfundisha baba, naye akatufundisha sisi kwa mapenzi na msahafu, ndiyo iliyokuwa imekaa mlangoni na bunduki. Vijana hawapendi jibu hilo. Wanataka kujua bei.

Arobaini tuliisoma Walukuba. Watu walikula pilau, wakamsifu marehemu, wazee wawili waliokuwa naye kambini wakasimama kwa mikongojo na kupiga saluti kuelekea chumba chake. Walipoondoka wote mdogo wangu alifunga mlango wa karakana. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu tangu maziko. Akaweka simu juu ya cherehani, akaipakua ile programu upya. Ikauliza maneno.

Nikasema yangu, moja moja, yeye akiandika. Kisha yeye akasema yake kwa sauti, bila kugeuka, bila kunitoa nje. Ikafunguka. Haikuchukua hata dakika mbili. Pesa yote ilikuwepo, na bei ilikuwa imepanda.

Kwanza tulitenga ya dereva, pamoja na ya shukrani, ambayo baadaye aliikataa. Kisha ya matairi. Iliyobaki tukaitazama. Mimi nikaanza kulia, nikamwambia mdogo wangu yale ambayo nilipaswa kumwambia ngazini pale hospitali. Kuhusu bangili. Kuhusu simu ya tatu. Nikamwambia nimemuua baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kabla ya leo.

"Kuna kitu sijakuambia," akasema. "Kabla hawajamwingiza kupasuliwa alipata nafuu kidogo, akauliza pesa. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia, baba, nimempigia dada mara tatu, amekataa kusema kwa simu."

Nilitaka kuziba masikio.

"Alifurahi, dada. Alikuwa na maumivu yale yote, na alicheka. Alinishika mkono akasema, 'Huyo ndiye askari.' Akasema nikuambie."

Nikamtazama nijue kama ananifariji au ananiadhibu. Alikuwa anainama chini ya meza, anatafuta viatu vyake.